Nafasi Haitoshi Katika Flashi ya Taifa

Nchi yetu ni nchi nzuri, na nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kunielewa vibaya huko mbele. Tuna amani, tuna wimbo wa taifa wenye beti nyingi, na tuna Baba Mlezi, ambaye ametuongoza tangu wengi wetu hatujaota meno na bado hajachoka. Kama kuna jambo lililokuwa likitusumbua, ni karatasi. Vizazi, vifo, ndoa, mashamba, kesi na chanjo, vyote vilikuwa kwenye mafaili, na mafaili yalikuwa yakiliwa na mchwa. Mchwa wa nchi yetu walikuwa na habari za kila mtu.

Kwa hiyo serikali ikanunua Flashi ya Taifa.

Ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na tuliambiwa kwamba nchi nzima ingeingia humo na nafasi ikabaki. Siku ya kuipokea tulijazwa uwanjani, tukapewa soda, na Waziri wa Kumbukumbu akapanda jukwaani akiwa ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyemkamata kunguni.

"Ndugu wananchi," alisema, "wenzetu wa nchi jirani wameunganisha kumbukumbu zao kwa nyaya. Waya una ncha mbili. Ncha moja iko kwako, ya pili hujui kaishika nani. Sisi tumechagua hifadhi ya kuchomeka na kuchomoa. Ukitaka kujua taifa lako liko wapi, unatia mkono mfukoni unalikuta. Huko ndiko dunia inakokwenda, na sisi tumeshafika, tunawasubiri."

Tulipiga makofi. Kisha mafaili yote yakarundikwa katikati ya uwanja, yakamwagiwa mafuta ya taa, yakachomwa. Moshi ulielekea upande wa wageni, mabalozi wakatokwa machozi, na redio ikatangaza kwamba mabalozi walilia kwa furaha.

Tangu siku hiyo flashi ilikuwa ikiletwa Wizarani kila asubuhi kwa msafara wa magari, ikachomekwa kwenye mtambo, na jioni ikachomolewa na kurudishwa Ikulu kulala chini ya mto wa Baba Mlezi. Hospitali, polisi na mahakama zililetewa vijiflashi vya majina na matarishi wa pikipiki. Baba Mlezi alipokwenda ng'ambo kutibiwa alikwenda nayo, na hadi arudi hakuna aliyeoa wala aliyetoka jela. Tulizoea. Maharusi walijifunza kuuliza kwanza hali ya figo za Baba Mlezi kabla ya kukodi ukumbi.

*

Ukuta mmoja tu unatenganisha nyumba yangu na ile iliyokuwa ya Mzee Nasibu Lungwana. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi mpaka alipostaafu, mtu mrefu, mashavu yamelegea kwa sababu ya kazi ile. Mkewe, Mwantumu, alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Mtaani tulimwita Mama Sikudhani, kwa jina la binti yao wa pekee, aliyefariki akiwa bado ananyonya. Hawakupata mwingine. Walikuwa watu wa kujibizana kutwa kwa mambo madogo, chumvi, mlango ulioachwa wazi, nani kahamisha miwani. Nikikaa sebuleni kwangu nilikuwa nasikia kila kitu, na nilikuwa nikilala usingizi mzuri kwa sauti zile.

Mama Sikudhani alikuwa na fahari moja, kwamba hajawahi kuisumbua serikali. Alikuwa hajalazwa, hajashtaki wala kushtakiwa, hajaomba kiwanja wala mkopo.

"Serikali hainijui," alikuwa akisema, "na mimi siijui. Tunaheshimiana."

Basi flashi ilijaa mapema kuliko ilivyotazamiwa. Sababu ilikuwa njema. Ilikuwa imeamuliwa kwamba kila hotuba ya Baba Mlezi irekodiwe na kamera za pande zote, kwa ubora wa kuonyesha kila unywele, na filamu zake za zamani zisafishwe mpaka ziufikie. Baadaye ikaonekana si haki kuvipa vizazi vijavyo hotuba peke yake, vikanyimwa vikao vyake, chakula chake na usingizi wake wa mchana. Mbunge mmoja alipouliza kama picha hizo haziwezi kupunguzwa ubora kidogo, Waziri alimjibu kwamba kumpunguza ubora Baba Mlezi ni uhaini, hata ukifanywa na kompyuta. Mbunge yule hajauliza tena, na jimbo lake limekaa wazi.

Ikaundwa Idara ya Nafasi, nayo ikaanza na wafu. Redio ilieleza kwamba wafu hawapotezi kitu, na kwamba wengi wao hata kodi walikuwa hawalipi. Wakafutwa wote. Hakuna aliyelalamika. Siku hiyo tu sikusikia majibizano ng'ambo ya ukuta, na kesho yake nilipompitia Mama Sikudhani akifagia barazani, aliitikia salamu yangu kisha akaacha kufagia.

"Na Sikudhani wamemtoa?"

Nikamwambia naona hivyo, maana tangazo lilisema wafu wote.

"Alikuwa anajaza nafasi gani yule?" akauliza. "Jina na tarehe mbili."

Akamaliza kufagia, akaingia ndani.

Baada ya wafu vilifuata visiwa fulani vya mbali ambako Baba Mlezi alikuwa hapati kura za kutosha. Halafu Idara ikagundua kwamba kuna raia ambao tangu waingizwe hakuna ofisi iliyowahi kufungua kumbukumbu zao hata mara moja. Wamekaa tu humo, kama nguo zisizovaliwa. Wakaondolewa kwa mkupuo mmoja. Hawakuarifiwa, kwa sababu anuani zao ziliondoka pamoja nao.

*

Mama Sikudhani alishikwa na tumbo siku ya soko. Alikuwa anamenya ndizi, akaweka kisu chini, akainama, na hakuweza kuinuka. Mimi na mumewe tulimpakia kwenye bajaji tukamkimbiza hospitali ya mkoa. Daktari alimpapasa, akasema utumbo umejisokota, lazima apasuliwe, na si jambo la kungoja.

Muuguzi wa zamu, Sista Perpetua, aliandika jina kwenye kompyuta. Akaliandika tena.

"Hayupo," alisema.

"Huyu hapa," Mzee Nasibu alisema, akimwonyesha mkewe kwenye kitanda cha magurudumu.

"Namwona, baba. Kwenye mtambo ndiko hayupo."

"Basi mwandike."

"Sisi hatuandiki, tunasoma tu. Na kabati la dawa za usingizi halifunguki bila namba ya raia. Kisu nacho kinatolewa kwa namba. Hata nyuzi." Alimtazama daktari, daktari akatazama viatu vyake. "Nenda Idara ya Nafasi, baba. Nenda sasa hivi."

Alifungua mkoba wake mwenyewe akatoa vidonge vya maumivu, vile vya dukani, akampa Mama Sikudhani pamoja na maji. Mama Sikudhani alivimeza akavitapika. Alikuwa ameshika ncha ya shuka kwa meno, na alipomwona mumewe anaondoka akaitema.

"Miwani yako iko juu ya redio," alimwambia.

*

Idara ya Nafasi ilikuwa na ofisi pana kuliko zote Wizarani. Mkurugenzi wake, Bwana Optati Kalanje, ni mtu msafi, mwenye sauti ya chini, aliyesomea upungufu ng'ambo mpaka akabobea. Alisimama tulipoingia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba," Mzee Nasibu alisema.

Tukaletewa chai. Ninataja chai hiyo kwa sababu watu husema maofisa wetu hawana ukarimu.

"Mke wangu mmemtoa," Mzee Nasibu alianza. "Yuko hospitali, anakufa."

"Pole sana, mzee wangu. Lakini tusisemane vibaya. Yeye hatukumtoa. Tumetoa kumbukumbu yake. Yeye mwenyewe tumewaachia."

"Basi mrudishe."

"Nafasi haitoshi."

"Anahitaji nafasi kiasi gani?"

"Ndogo mno," alisema Bwana Kalanje, na uso wake ukachangamka, maana ameulizwa jambo la fani yake. "Ukikata pale tu Baba Mlezi anapopiga chafya kwenye hotuba ya bajeti, wilaya yenu nzima inaingia. Lakini hiyo chafya ataikata nani?"

Mzee Nasibu alizungusha kikombe. Kisha akasema, "Mimi nimo kwenye picha hizo. Miaka yote nimepiga tarumbeta nyuma yake. Nikateni humo mnitoe, nafasi yangu mumpe mke wangu."

Mkurugenzi hakudharau hoja. Aligeuza kioo cha kompyuta, akatafuta gwaride la kumbukumbu ya ukombozi, na kweli tukamwona. Nyuma ya bega la kushoto la Baba Mlezi alikuwapo Nasibu wa ujanani, mashavu yamejaa upepo, vifungo vinang'aa. Ubora ulikuwa wa ajabu. Ungeweza kuona jasho linavyomshuka sikioni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hapa wewe si raia, mzee wangu. Hapa wewe ni mandhari, na mandhari ni mali ya Baba Mlezi." Akazima kioo. "Iko njia moja ya kisheria. Anayeingia huingia mahali pa anayetoka, mradi huyo anayetoka awe ameridhia mwenyewe. Sheria nzuri sana. Tangu itungwe haijaleta lalamiko hata moja, kwa sababu haijatumika."

"Nitoe mimi."

Nilimgusa mkono. Hakunitazama.

"Ukitoka," Bwana Kalanje alisema taratibu, "pensheni imekwisha. Nyumba si yako. Ukiugua hutibiwi, na ukifa hakuna kibali cha kukuzika. Nakueleza kwa sababu wewe ni mtu mzima na nimekuamkia."

"Mwenzangu kule anatafuna shuka kwa maumivu," Mzee Nasibu alisema. "Nitoe."

Akaweka dole gumba kwenye kioo. Mkurugenzi akabonyeza mara mbili, akampa tarishi kijiflashi kipya akimbize hospitali. Kwa kweli sijapata kuona ofisi ya serikali ikihudumia mtu haraka namna ile. Mhudumu akaja kuondoa kikombe cha Mzee Nasibu, ambacho hakikuwa kimefika nusu.

"Chai hii ni ya raia," Bwana Kalanje alieleza, akiniambia mimi, kwa sababu kisheria hakukuwa na mwingine wa kuambiwa. "Tunakaguliwa. Na ukitoka, mlango ni ule wa kushoto."

Mzee Nasibu alishukuru, lakini hakuna aliyeitikia.

*

Mama Sikudhani alipasuliwa akapona. Nilikuwa kando ya kitanda chake alipozinduka, na kitu cha kwanza kuuliza kilikuwa mumewe. Wageni wa wodini wanaingizwa kwa namba, kwa hiyo Mzee Nasibu alikuwa amesimama nje, kwenye bustani ya maua ya hospitali, ameshika nondo za dirisha.

"Mbona huingii?" mkewe alimuuliza.

"Wamenizuia."

"Umefanya nini?"

"Nimetoka."

"Umetoka wapi?"

Ikabidi nieleze mimi, jirani. Nilipomaliza, Mama Sikudhani aligeukia ukutani. Tulidhani amelala.

"Nani alikuomba?" akasema bila kugeuka.

"Hakuna."

"Maisha yote hujawahi kuniuliza kitu kabla ya kukifanya. Ulinunua mbuzi wale wagonjwa hukuniuliza. Ulistaafu hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kukohoa ili asikie. Mama Sikudhani alijikokota, kidonda kinamvuta, akafika dirishani akaweka kiganja juu ya vidole vyake pale kwenye nondo. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote.

"Umekula?"

"Bado."

"Nenda kwa Sista yule, mwambie uji wangu siutaki."

*

Aliporudi nyumbani, mjumbe wa mtaa alikuwa anamngoja barazani, mtu mwema, amevua kofia. Alimweleza kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu mpya yeye hajaolewa, na kwamba nyumba hiyo ni ya mtu ambaye hakuwahi kuwepo, kwa hiyo imekuwa ya taifa. Aliomba radhi kwa usumbufu. Niliwapa chumba changu cha uani, na kwa siku chache nikayasikia tena majibizano yao, safari hii kwa chini, kama watoto waliojificha.

Polisi walikuja mchana kweupe. Mmoja wao alikuwa mpiga ngoma wa bendi, aliyefundishwa kazi na Mzee Nasibu mwenyewe, na alipomwona alisimama wima akampigia saluti kabla hajakumbuka amefuata nini.

"Nisamehe, afande," alisema. "Asiyemo kwenye flashi ni mgeni, na mgeni anarudishwa alikotoka."

"Nimetoka hapa," Mzee Nasibu alisema.

"Hapa wewe humo, afande."

Wakampeleka mpakani, kwenye daraja la mto Mlasi. Nchi ya pili ilimwomba karatasi, akawa hana. Akageuka kurudi, upande wetu ukamwomba namba, akawa hana. Basi akabaki darajani. Hakuwa peke yake. Walikuwapo walimu, wafugaji, kwaya nzima ya kanisa fulani la visiwani, na wakunga ambao walizalisha nusu ya wilaya. Walikuwa wamefunga maturubai kwenye kingo za daraja kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na walikuwa wakipikia moto wa kuni zilizookotwa mtoni kwa kamba na ndoano. Waziri alizungumzia jambo hili kwa fahari kubwa. Nchi yetu, alisema, ni ya kwanza duniani kutokuwa na hata mtu mmoja asiyeandikwa.

Mama Sikudhani alifunga sufuria na kanga, akapanda basi, akahamia mpakani. Raia hawaruhusiwi kupita kizuizi cha darajani, kwa hiyo alijenga kibanda upande wetu, chini ya kizuizi hichohicho, mbele ya Koplo Yoramu, mlinzi wa makamo mwenye tumbo na huruma. Nilikuwa nikienda kumtembelea. Kazi yake ilikuwa kuwafulia watu wa darajani. Walimpitishia nguo juu ya boriti ya kizuizi, akashuka nazo mtoni, akazianika kwenye majani. Shuka zilipokauka alishika ncha mbili upande huu, Mzee Nasibu akashika ncha mbili upande ule, wakavuta, wakakutanisha, wakakunja, boriti katikati.

"Vuta sawasawa," mkewe alikuwa akimwambia. "Unakunja kama unafunga mzigo."

"Ncha yako ndiyo fupi."

Koplo Yoramu aliniambia kwamba tangu waje wale wawili hakosi usingizi wa mchana.

*

Mwaka uliofuata ilinunuliwa flashi mpya. Waziri alituita tena uwanjani, tukapewa tena soda. Hii ya sasa, alisema, ina uwezo wa kumeza kila binadamu aliyepata kuzaliwa tangu Adamu, pamoja na mifugo yake, na bado ikalia njaa. "Neno nafasi haitoshi," alisema, "tumelifuta katika lugha yetu." Habari zilipofika darajani ile kwaya ya visiwani iliimba mpaka walinzi wa nchi ya pili wakatoka nje kusikiliza.

Mama Sikudhani alikwenda kwa Bwana Kalanje, nami nikamsindikiza. Alituamkia vizuri. Chai ikaja.

"Nimesikia nafasi ipo," Mama Sikudhani alisema.

"Tele, mama yangu."

"Basi namtaka mume wangu. Nasibu Lungwana."

Mkurugenzi alitafuta kwa makini. "Hakuna. Sisi tunawarudisha watu kutoka kwenye kumbukumbu zao. Wewe uliingia mahali pa aliyetoka, lakini huyu kumbukumbu yake ilifutwa, na karatasi tulizichoma. Siwezi kumrudisha mtu ambaye hakuwahi kuwepo."

"Yuko darajani. Jana nimemfulia suruali."

"Aliye darajani ni mtu, sikatai. Ofisi hii inashughulikia raia."

"Ulimwona kwenye picha, akipiga tarumbeta. Huyu jirani yangu alikuwapo."

"Picha zile zimesafishwa, mama. Kwa ubora huu mpya mandhari yalikuwa yanasumbua macho. Sasa Baba Mlezi anaonekana peke yake, na nyuma yake anga safi."

Mama Sikudhani aliinamisha kichwa. Aliponyanyua alikuwa ameamua.

"Basi nitoe na mimi. Nikakae naye kule."

Bwana Kalanje alisikitika kwa dhati, niliona. "Kumtoa raia kunaruhusiwa tu nafasi isipotosha. Sasa inatosha. Nikikutoa nitakuwa nimevunja sheria."

"Kwa hiyo yeye haingii, na mimi sitoki."

"Umeelewa vizuri sana, mama yangu. Wengi huwa tunawaeleza mara kadhaa."

Hakuigusa chai yake. Tulipanda basi kurudi mpakani, na njiani aliniuliza tu kama mvua za mwaka ule nilikuwa naziona zitakuwa kubwa.

*

Mvua zilikuwa kubwa. Daraja halina ukuta, na upepo wa mtoni ulipita chini ya maturubai na juu yake. Mzee Nasibu alianza kukohoa, kikohozi kikavu kwanza, kisha kile cha ndani. Mtu aliyeishi kwa mapafu yake alikuwa sasa anapumzika katikati ya sentensi. Mkewe alimpitishia uji na chai ya tangawizi juu ya boriti, na Koplo Yoramu akajifanya hajui. Zahanati ilikuwa hatua chache kutoka kizuizini. Mganga wake alikuja mara moja, akasimama upande wetu, akasikiliza kikohozi kwa mbali, akatikisa kichwa, akaondoka.

Waliendelea kukunja shuka. Yeye alikuwa akikunja ameketi.

Asubuhi moja Mama Sikudhani alianua shuka jeupe, akaenda kizuizini, akasimama ameshika ncha zake mbili. Akaita. Alitoka mkunga mmoja wa darajani, akaja polepole, na alipofika hakushika ncha. Alisema tu, "Mama Sikudhani." Shuka likagusa tope.

Nilifika siku ileile. Wanaume wa darajani walikuwa wamemlaza kwenye mlango wa mbao, wamemfunika, wanamngojea mkewe aseme. Nchi ya pili ilikataa maiti isiyo na karatasi. Koplo Yoramu naye alisoma kanuni yake kwa sauti, jicho limemwiva, kwamba maiti isiyo na namba haivuki. Mama Sikudhani hakubishana. Alirudi mtoni kulifua shuka lile upya, akalileta likiwa bichi, akasimama nalo mbele ya boriti.

Koplo alilitazama lile shuka. Kisha akainua boriti mpaka juu, akaweka bunduki begani.

"Mimi nakwenda haja ndogo," alitangaza. "Tumbo langu halielewiki siku hizi, huenda nikachelewa."

Akaingia vichakani, na hakurudi mpaka tulipomaliza. Mwalimu wa madrasa wa pale darajani alimsalia. Tulimzika kwenye mwinuko juu ya mto, ardhi ya serikali, katika shuka lile lile. Mama Sikudhani alilia wakati wa udongo tu. Kabla ya hapo alikuwa akituelekeza, nani ashike kichwa, nani asikanyage pale.

Koplo Yoramu alishtakiwa. Hakushtakiwa kwa kuvusha maiti, kwa kuwa ilithibitishwa kwamba hakuna aliyekufa. Alishtakiwa kwa kukojoa muda mrefu kupita kiwango akiwa lindoni, akafukuzwa kazi. Na mwisho wa mwaka Waziri alisoma takwimu, akasema hakuna raia hata mmoja aliyefariki katika daraja la Mlasi. Nimezichunguza takwimu hizo, nami nathibitisha kuwa ni sahihi.

Nilirudi mpakani baada ya arobaini. Nilikuwa nimechonga kibao kizuri cha mninga, nikamwambia Mama Sikudhani anitajie maneno nimchoree mwenzake, jina lake na mwaka.

"Usimwandike," alisema.

"Watu watajuaje kama ni yeye?"

"Najua mimi. Wale kule wanajua." Alionyesha darajani kwa kidevu. "Ukimwandika watakuja kumfuta."

Kibao nikakitia ndani kabisa ya mfuko wangu. Alikuwa na nguo nyingi za kuanua siku hiyo, na jua lilikuwa linakwisha. Alilivuta shuka la mtu fulani kutoka kwenye majani, akalikung'uta, akanikabidhi ncha mbili.

"Vuta sawasawa," akaniambia.